Darasa la Nyumbani: Ndege ya Karatasi na Lawama Isiyo Mahali Pake



Katika ukurasa huu wa kila mwezi tumezoea kuzungumza na wazazi upande mmoja na vijana upande wa pili. Mwezi huu twataka kuwaweka wote katika mkeka mmoja, kwani jambo tulilo nalo lilianzia katika mchezo wa watoto likaishia katika mazungumzo ya wazee, na huko kote lilikuwa ni jambo lile lile: mtu kuona tokeo, kisha akaikamata sababu ya kwanza iliyomjia machoni, akaihukumu, akalala usingizi.

Tulikuwa wageni katika nyumba moja ya Itaka, kata ya wilaya ya Mbozi, katika mkoa wa Songwe uliokatwa kutoka mkoa wa Mbeya mwaka 2016. Asiyeijua Mbozi na ajue kuwa ni nchi ya nyanda za juu, yenye kahawa na mahindi, nayo ndiyo nchi ya kile kimondo mashuhuri cha chuma kilichoanguka kutoka mbinguni zama ambazo hakuna azikumbukaye. Ulikuwa wakati wa kiangazi, mahindi yamekwisha vunwa, na upepo wa baridi ulikuwa ukipita uwanjani. Baada ya sala ya Alasiri tuliketi barazani pamoja na mwenyeji wetu, na mbele yetu wajukuu wake wawili walikuwa wakirusha ndege za karatasi. Mkubwa alikuwa yapata miaka kumi na mitatu, na mdogo miaka kumi.

Haukupita muda ugomvi ukaingia. Ndege ya mkubwa ilikuwa ikifika hata kwenye mti wa mparachichi, na ya mdogo ikianguka katikati ya uwanja. Mkubwa alisema, "Mkunjo wangu ni bora kuliko wako." Mdogo akajibu kwa machozi kwamba si mkunjo, bali kaka yake ana mkono wa bahati na yeye ana mkono wa mkosi. Neno hilo la mkosi lilitushitua, kwani mtoto wa miaka kumi halitungi neno kama hilo. Hulisikia kwa wakubwa. Tukawaita wote wawili, tukawaambia, "Njooni tuwe makadhi kidogo. Kabla ya kuhukumu, na tuhesabu tofauti."

Tulipohesabu tuliona hivi. Mkubwa alikunja ndege yake kwa jani la daftari, na mdogo kwa ukurasa wa gazeti ambao ni mlaini na wenye kulegea. Mkubwa alirusha akiwa amesimama juu ya ngazi ya baraza, na mdogo akiwa chini uwanjani. Mkubwa alingoja upepo utoke nyuma yake, na mdogo alirusha wakati wowote. Mkubwa ana mkono mrefu na wenye nguvu, na mdogo bado. Tena mikunjo yenyewe ilikuwa mbali mbali. Basi baina ya ndege mbili zile mlikuwa na tofauti tano kwa uchache, na kila mmoja wa watoto alichukua moja tu aliyoipenda akaipa ufalme. Mkubwa aliupa mkunjo kwa sababu mkunjo ni sifa yake, na mdogo aliupa mkosi kwa sababu mkosi hauhitaji ushahidi.

Hapa ndipo pa kuanzia darasa letu. Katika ilimu ya sayansi kila kitu kiwezacho kubadilika katika jaribio huitwa kigeu, na vikiwa vingi huitwa vigeu. Aina ya karatasi ni kigeu. Urefu wa mahali pa kurushia ni kigeu. Upepo ni kigeu, mkono wa mrushaji ni kigeu, uzito wa pua ya ndege ni kigeu, na umbali unaofikiwa na ndege nao ni kigeu. Lakini vigeu hivi si sawa katika kazi, na yafaa kijana avipange katika mafungu matatu.

Fungu la kwanza ni kile kigeu kimoja tunachokibadilisha sisi wenyewe kwa kusudi. Hicho huitwa kigeu huru. Fungu la pili ni kile kigeu tunachokitazama na kukipima ili tujue kimeathirika kwa kiasi gani. Hicho huitwa kigeu tegemezi, kwani hali yake yategemea kile cha kwanza. Fungu la tatu ni vigeu vyote vilivyobaki, ambavyo twavifunga kamba visicheze mpaka jaribio limalizike. Na siri yote ya jaribio la haki imo katika fungu hili la tatu. Kubadilisha kitu ni kazi nyepesi, na kupima si kazi ngumu. Kazi ngumu ni kuvizuia vile vingine visibadilike kwa siri.

Tuliwauliza watoto, "Mwataka kujua nini?" Baada ya kubishana kidogo walikubaliana swali moja: je, uzito ukiongezwa puani, ndege itakwenda mbali zaidi? Hilo ni swali jema kwa sababu laweza kujibiwa kwa kupimwa. Lau wangeuliza, "Ndege ipi ni nzuri?" wangebishana mpaka Magharibi, kwani uzuri hauna kipimo kilichokubaliwa na wote.

Kigeu huru, basi, kilikuwa ni idadi ya vibanio vya karatasi vinavyobanwa puani: hakuna, kimoja, viwili, vitatu. Mdogo alitaka kutumia punje za mahindi, tukamwuliza kama punje zote zina uzito mmoja. Alizitazama kiganjani mwake akacheka, akazirudisha. Vibanio vya kisanduku kimoja hutengenezwa kwa kipimo kimoja, kwa hiyo kuongeza kibanio ni kuongeza uzito ule ule. Kigeu tegemezi kilikuwa umbali, kutoka mstari uliochorwa chini hadi mahali ndege ilipogusa ardhi kwa mara ya kwanza, si mahali ilipojiburura ikasimama. Ikahitajika kamba ya kupimia. Mkaza mwana wa nyumba ile, ambaye watoto humwita mama mdogo, alikuwa karibu akipepeta maharage. Akaleta kamba, akaipiga fundo kila mita moja kwa kipimo cha fundi, akakubali kukaa upande wa mbali na kusoma umbali. Naomba msomaji amkumbuke mama huyu, kwani tutamrudia.

Vilivyofungwa kamba vilikuwa hivi: karatasi ya daftari moja, mkunjo mmoja, ndege moja, mrushaji mmoja, mahali pamoja, na kurusha wakati majani ya mparachichi yametulia tu. Hata hewa yenyewe ina neno. Hewa ya nyanda za juu kama Mbozi ni nyepesi kuliko hewa ya pwani. Kwa hiyo haifai kijana wa Itaka apime nusu ya jaribio kwao na nusu nyingine akiwa likizoni Tanga, kisha akachanganya hesabu.

Lakini kuna vigeu wezi, viingiavyo bila ya kubisha hodi. Ndege ikigonga ardhi mara kumi, pua yake hujikunja na kulegea. Mkono wa mrushaji ukirusha mara nyingi huchoka, au labda huzoea ukawa hodari zaidi. Basi tukirusha mara zote bila ya kibanio kwanza, kisha mara zote zenye vibanio vitatu mwisho, tutajuaje kama tofauti imeletwa na vibanio au imeletwa na uchovu? Dawa yake ni kuchanganya zamu: mara moja hakuna kibanio, mara moja viwili, mara moja kimoja, mara moja vitatu, kisha kurudia kwa mpango mwingine. Uchovu ukija utawagusa wote, hautamwonea mmoja.

Na kuna mwizi aliye mkubwa kuliko hao, naye ni mapenzi ya moyo. Mkubwa alikwisha amini kuwa uzito ni mzuri, na mtu akiamini hivyo mkono wake huongeza nguvu hata bila ya yeye kujua, na jicho la mpimaji husogeza fundo la kamba kidogo kwa yule ampendaye. Kwa hiyo tuliagiza kwamba mama mdogo kule mbali asiambiwe vibanio ni vingapi. Yeye asome umbali tu na kuutaja. Kadhi hatakiwi kuulizwa kwanza nani ni ndugu yake.

Neno jingine ni hili: kurusha mara moja si ushahidi. Tuseme ndege bila kibanio imerushwa mara tano ikafika mita 6, mita 8, mita 7, mita 3, na mita 7. Jumla ni mita 31, na ukigawa kwa 5 wastani wake ni mita 6 na sehemu 2 katika kumi. Lau tungeirusha mara moja tu ikatokea ile ya mita 3, tungeihukumu kuwa ndege mbovu. Lau ingetokea ile ya mita 8, tungeisifu kupita haki yake. Kurudia ndiko kunakomwonyesha mtu mwenendo wa jambo, kama vile tabia ya mtu haijulikani kwa siku moja. Wala ile mita 3 haifutwi daftarini kwa kuwa imetuudhi. Huandikwa kama ilivyo, na pembeni yake huandikwa kama upepo ulipita au mkono uliteleza.

Watoto waliandika kila kitu, na kilichoonekana kiliwashangaza wote wawili. Bila kibanio, ndege iliinua pua juu, ikapungukiwa na mwendo, ikatikisika, ikashuka. Ilipobanwa kibanio kimoja iliteleza hewani kwa utulivu, na wastani wake ukapanda. Ilipobanwa vitatu, iliinamisha kichwa ikashuka upesi kama mwewe aliyeona kifaranga. Sababu yake ni kwamba ndege yataka uzito wake ukae mbele kidogo ya katikati ya mabawa ili isimame sawa hewani. Ukikaa nyuma mno pua hupanda, na ukizidi mbele pua huzama. Kwa hivyo mkubwa aliyesema uzito ni mzuri hakusema uwongo, wala hakusema kweli yote. Kuna kiasi. Na kiasi hicho hakijulikani kwa kubishana. Hujulikana kwa kupima hatua kwa hatua.

Mwisho walibadilishana. Mdogo alirusha ndege ile ile yenye kibanio kimoja, kutoka mstari ule ule. Haikufika mbali kama ya kaka yake, kwani mkono wa miaka kumi si wa miaka kumi na mitatu, lakini ilipita mbali mno kuliko ile yake ya gazeti. Neno la mkosi halikusikika tena kinywani mwake.

Vijana wetu wasidhani kuwa adabu hii ya kubadilisha kitu kimoja kimoja ni jambo geni kwa Waislamu. Al-Hasan ibn al-Haytham, mzaliwa wa Basra aliyefanya kazi yake kubwa Misri na kufariki karibu na mwaka 1040, aliichunguza nuru kwa njia hiyo hiyo. Alipanga taa kadhaa mahali mbali mbali mbele ya tundu lililoelekea kwenye chumba cha giza, na ndani ya chumba zikaonekana alama za nuru kwa hesabu ya zile taa. Akaifunika taa moja tu na kuziacha nyingine kama zilivyo: alama moja ikapotea, ile iliyoelekeana na taa hiyo. Akaifunua, ikarudi. Hapo akajua kwa yakini kila alama ina taa yake, na kwamba nuru za taa zile hupita katika tundu moja bila ya kuchanganyika. Lau angezima taa tatu kwa pamoja, angejua nini? Watoto wetu waweza kulirudia jaribio hilo usiku mmoja kwa mishumaa na kipande cha boksi lenye tundu, mzazi akiwa karibu nao kwa ajili ya moto.

Wala si lazima tuende mbali hata Basra na Misri. Nchini mwetu wenyewe kuna kisa kinachojulikana duniani kote. Mwaka 1963 mwanafunzi Erasto Mpemba alikuwa katika shule ya sekondari ya Magamba, Lushoto. Wanafunzi walikuwa wakitengeneza aiskrimu kwa kuchemsha maziwa na sukari, kuyaacha yapoe, kisha kuyaweka katika friji ya kugandishia. Siku moja nafasi ilikuwa chache. Mwenzake mmoja aliweka maziwa yake bila ya kuyachemsha, na Mpemba akaona akingoja yake yapoe atakosa nafasi, akayaweka yangali moto. Walipofungua baada ya saa moja na nusu hivi, ya Mpemba yalikuwa yameganda na ya mwenzake bado. Alimwuliza mwalimu wake, akaambiwa amechanganyikiwa, jambo hilo haliwezekani. Baadaye, alipokuwa Mkwawa kule Iringa, swali lake lilifanyiwa mzaha darasani.

Hata hivyo hakuacha. Alipokuja mgeni kutoka Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, Denis Osborne, mwalimu wa fizikia, kijana alisimama akauliza mbele ya wenzake kwa nini maji ya digrii 100 yameganda kabla ya maji ya digrii 35, ya ujazo sawa. Tazameni, vijana, jinsi swali lilivyokuwa limekomaa. Katika kisa cha aiskrimu mlikuwa na tofauti mbili kwa pamoja: moja ilikuwa moto na nyingine baridi, tena moja ilichemshwa na nyingine haikuchemshwa. Na maziwa na sukari navyo, nani aliyevipima? Lakini katika swali la Mkwawa ni maji matupu, ujazo mmoja, friji moja, na kilichobadilika ni joto. Mpemba alikuwa amevifunga kamba vigeu vingi. Osborne hakumcheka, alirudi Dar es Salaam akajaribu, na mwaka 1969 makala ya wawili hao ilichapishwa katika jarida la Physics Education. Tangu hapo jambo hilo huitwa kwa jina la Mpemba.

Na kisa hakikuishia hapo, nasi hatupendi kuwaficha wasomaji upande wa pili. Wataalamu wamebishana miaka mingi, kwani katika kuganda kwa maji mna vigeu wezi wengi: mvuke unaopotea, chombo, theluji iliyo chini ya chombo, na hewa iliyomo majini. Mwaka 2016 watafiti Henry Burridge na Paul Linden walichapisha matokeo yao huko Uingereza. Wao hawakuupata ushahidi wa kutosha kwamba maji ya moto hupoa upesi zaidi, na walionyesha kwamba kipima joto kikiwekwa juu au chini kwa sentimita moja tu ndani ya chombo, chaweza kumdanganya mpimaji akaona ajabu isiyokuwapo. Sentimita moja! Wengine bado wanalichunguza jambo hilo. Heshima ya Mpemba haikupungua kwa hayo, kwani heshima yake haikuwa katika kupata jibu la mwisho, bali katika kuuliza kwa adabu, kujaribu, na kutokubali kunyamazishwa na mtu asiyejaribu.

Sasa turudi Itaka, kwani deni letu la mama mdogo bado hatujalilipa.

Usiku ule, baada ya chakula, watoto wamelala, mwenyeji wetu alisogeza kiti akatuambia kwa sauti ya chini, "Maalim, nina jambo linanisumbua. Tangu mwanangu wa pili aoe, nyumba hii imepungukiwa. Mahindi ya mwaka huu ni karibu nusu ya yale ya mwaka jana. Hata ng'ombe amepunguza maziwa. Watu wanasema mkaza mwana huyu ameingia na mkosi, na wapo wanaonishauri nimwambie mwanangu amrudishe kwao. Mimi sitaki kudhulumu, lakini macho yangu yameona."

Hapo tulijua neno la mtoto lilitoka wapi. Tulinyamaza kidogo, kisha tukamwambia, "Mzee wetu, leo alasiri uliwaona wajukuu wako wakihesabu tofauti kabla ya kuhukumu. Je, mwaka jana na mwaka huu, kilichobadilika nyumbani hapa ni mkaza mwana peke yake?"

Mzee hakujibu. Aliyejibu ni mkewe, aliyekuwa ameketi karibu na mlango. Alisema kwa heshima, "Baba watoto, uniwie radhi. Mbegu tulibadilisha." Akakunja kidole. "Mwaka jana tulipanda mvua za kwanza, mwaka huu ulikuwa na harusi, tukapanda tumechelewa." Akakunja kidole cha pili. "Lile shamba la bondeni tuliliuza kwa ajili ya mahari, tukalima la mlimani." Kidole cha tatu. "Mbolea tulinunua nusu." Kidole cha nne. "Na ng'ombe, ndama wake amekua mkubwa; maziwa ya ng'ombe hupungua kadiri ndama anavyokua. Wewe mwenyewe ulinifundisha." Hapo mkono ulikuwa umefungwa wote.

Wasomaji wetu, angalieni jambo hili vizuri. Palikuwa na tofauti tano, na wanne katika hao hawana roho, hawana aibu, wala hawana kwao pa kurudishwa. Wa sita ni mwanamke mgeni katika nyumba, asiyeweza kujitetea mbele ya baba mkwe wake. Lawama yote ikamwangukia yeye. Hivi ndivyo dhana ifanyavyo: haitafuti aliye na kosa, hutafuta aliye karibu na asiye na msemaji.

Mwenyeji wetu aliuliza, "Basi ni mbegu?" Tukamwambia kwamba hatujui. Labda ni mbegu, labda ni kuchelewa, kwani mahindi yaliyochelewa mvua hupungukiwa. Labda ni ardhi ya mlimani, au mbolea, au yote kwa pamoja. Vigeu vingi vikibadilika kwa mara moja, hata mtaalamu hawezi kusema ni kipi kilichofanya kazi. Ndiyo maana katika vituo vya utafiti, kama kile cha Uyole karibu na Mbeya, na kile cha kahawa kilichoko Mbimba huko huko Mbozi, mbegu na miche hujaribiwa katika vipande vya shamba vilivyo jirani, vikapandwa siku moja na kutunzwa kwa namna moja, tena vikarudiwa mara kadhaa. Asiyejua hana dhambi. Dhambi ni ya yule asiyejua kisha akahukumu.

Dini yetu imetufundisha kujiepusha na dhana na kuzihakikisha khabari kabla ya kumdhuru mtu kwazo, nasi twayasikia hayo mimbarini mara nyingi. Lakini twadhani ni mambo ya khabari za mitaani tu, kumbe yaingia hata shambani, zizini, na katika uwanja wa watoto. Mzazi anayemzoesha mwanawe kusema "nimeona, lakini bado sijajua" amempa kinga ya maisha. Na mzazi anayesema "mkosi" mbele ya watoto, na ajue kuwa watoto wana masikio.

Tuliondoka Itaka siku ya pili. Salamu zimetufikia kutoka huko kwamba mvua zilipoanza, Mzee alitenga kipande cha shamba akakigawa vipande sita vilivyo sawa. Vitatu amepanda mbegu ya zamani na vitatu mbegu mpya, kimoja cha hii na kimoja cha ile kwa kupishana, siku moja, kwa mbolea sawa. Vipande hivyo vilipimwa kwa kamba ile ile yenye mafundo, na aliyeishika kamba upande mmoja ni mkaza mwana wake, na upande wa pili ni Mzee mwenyewe. Wakati tunaandika haya mahindi yamefika magotini, na hakuna ajuaye bado ni mbegu ipi itakayoshinda. Mama mdogo yumo nyumbani mwake.

Kazi ya mwezi huu kwa vijana wetu ni hii. Kunjeni ndege moja ya karatasi. Chagueni kigeu kimoja cha kubadilisha, na kiwe kimoja tu: upana wa bawa, au uzito wa pua, au pembe ya kurushia. Andikeni kwanza, kabla ya kurusha, mnatazamia kuona nini na kwa nini. Andikeni vigeu vyote mlivyovifunga kamba. Rusheni si chini ya mara tano kwa kila hali, kwa zamu zilizochanganywa, na mpimaji asiambiwe zamu ni ya nani. Toeni wastani. Kisha jiulizeni swali la mwisho, ambalo ndilo gumu: ni kigeu gani kingeweza kuwa kimetuponyoka?

Kazi ya wazazi ni fupi zaidi. Mwezi huu, likitokea jambo la kuudhi nyumbani, kabla ya kumtaja mtu yeyote, kunjeni vidole na mhesabu yote yaliyobadilika. Kama mkono utajaa kabla hamjafika kwa mtu huyo, mwacheni.

Twamwomba Mwenyezi Mungu atupe macho ya kuona na subira ya kupima. Wassalaamu alaykum.